Mafuta ya Boga na Mabawa ya Fusée

14 mwezi wa tisa, siku ya posho, jumamosi

Mama Pétronille, yule anafundisha siye wamama kusoma ku kanisa, ametugawia kila mutu kaye moja, daftari ya kuandikia. Anasema andikeni kila siku, hata mustari moja, mupaka mvua iishe. Mimi niko na miaka makumi sita na munane. Nilisoma mupaka mwaka wa pili, kisha baba akanirudisha kwa ngombe. Sasa ninashika kalamu na mukono wenye umezoea kukamua.

Haya. Mama Pétronille, ni weye njo utakusanya hizi kaye na kuzisoma. Sahihisha herufi. Mambo ya nyumba yangu uyaache mu nyumba yangu.

Watu wananiita Mama Prudence. Prudence ni binti yangu wa kwanza, anauguza wagonjwa kule Boga. Mutoto wake Rébecca anakaa na mimi hapa Bunia juu ya masomo; ananiita Tate, ni kusema bibi. Miaka kumi na sita. Murefu, mukaidi, hajui kukunja nguo.

Mvua saa munane.

15

Kanisa. Mahubiri marefu. Mvua saa munane.

19

Rébecca ameingia na chupa ya plastiki ameishika kama yai. Anasema ni fusée. (Hilo neno ameniandikia yeye, ninaliiga.)

"Fusée ni nini?"

"Tate, ni chombo cha kwenda juu kwa anga."

"Hapa Bunia? Vyenye vinaenda juu hapa havijatosha?"

Amecheka. Anasema haina baruti, haina moto. Unatia maji mu chupa, unafunga, unasukuma upepo na pompe ya kinga, ile ya baiskeli. Upepo ukijaa, chupa inaruka. Shule mingi zitashindana tarehe 23 ya mwezi wa kumi na moja, na shule zenye zitatoka tatu za kwanza zitapewa vitabu vya sayansi. Kwao watoto munane wanasoma kitabu kimoja, wa munane anasoma kichwa chini. Mwalimu Lucien amemuchagua Rébecca pamoja na rafiki yake Adeline.

Adeline namujua. Ni binti ya Katsuva, ule wa Butembo mwenye anauzisha misumari na rangi mu soko. Watu wa Butembo wanajua biashara. Katsuva anaweza kukuuzishia kivuli chako na ukamwambia aksanti.

21

Mjomba wa Rébecca, Vital, mwenye anaendesha lori ya Kampala, ameleta muti mu karatasi pamoja na kopo mbili za rangi. Rébecca anasema jina yake balsa. Nimeinua: nyepesi kama mukate mukavu. Nimeuliza kama ni muti ao ni mazoea ya wazungu ya kukuuzishia upepo. Watakata ndani yake mabawa ine, wayapake rangi, wayabandike chini ya chupa. Bila mabawa, anasema, fusée inazunguka kama mulevi.

Ubao ni moja tu. Mabawa ine, na kipande kidogo kitabaki.

25

Bati inavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda. Sasa inavuja ku mulango.

28, siku ya posho

Leo watoto walikata mabawa hapa kwangu, ku mukeka. Adeline anapima, Rébecca anakata. Adeline iko na mikono mizuri, nitasema kweli. Lakini kulainisha hawajui! Walipitisha ile karatasi yao ya kukwaruza mara tatu, wakasema imeisha. Kisha wakaenda kutafuta pompe, wakaniambia, "Tate, usiguse."

Usiguse. Mu nyumba yangu.

Nimeenda nyuma ya choo, kule kuna ule muti wa musasa, nikachuma majani. Mama yangu alilainisha vyombo vya maziwa na majani haya, na shavu la mutoto halikushinda kile chombo. Nimekaa na mabawa mupaka jua likageuka. Kisha nikafanya vile inafaa. Nimetoa kopo ya mafuta ya ngombe yenye Prudence alinitumia toka Boga, nikapasha kidogo, nikapaka mabawa yote ine, pande mbili, nikaacha yanywe, nikapangusa na kitambaa. Muti ukiwa uchi, mvua inaupasua. Hata mutoto wa mukamuaji anajua.

Sikusema. Mama yangu alikataza: chombo hakisifiwe mbele ya kushika maziwa.

Rébecca aliporudi alipitisha kidole. "Tate, nani amelainisha hivi?"

"Malaika," nikamujibu.

Adeline ameweka bawa ku shavu lake na kufunga macho. Nilifurahi. Sikuonyesha.

30

Wamepaka rangi. Nyekundu mawili, ya njano mawili. Mvua saa munane.

2 mwezi wa kumi

Rangi haikauki. Unagusa, inakuja na kidole. Rébecca anasema ni unyevu. Mimi pia nasema ni unyevu. Hii mvua inaozesha hata chumvi.

5

Rangi imekauka kidogo. Wamebandika mabawa na kole, ile gundi ya viatu, ametoa Papa Katsuva mwenyewe, kopo nzima, bure. Fusée imesimama juu ya meza. Nimeipita mara kumi na tano leo. Kila mara najiambia ninaenda kutafuta kijiko.

9

Nitaandika yote hata kama mukono unauma.

Leo walijaribu fusée mu uwanja wa shule. Mwalimu Lucien aliita wazazi wenye wako karibu, nikavaa kitenge ya kanisa. Darasa zote zilitoka. Adeline ameinama ku pompe, anasukuma, anahesabu. Rébecca ameshika kamba ya kufungua chupa. Watoto wote wakaanza kuhesabu pamoja. Moyo wangu ulikuwa unaruka mbele ya chupa.

Rébecca akavuta. Pa! Maji yakamwagika, chupa ikaenda juu kama urefu wa mulango, na mabawa matatu yakabaki chini. Yalidondoka tu mu matope, kama majani. Ile chupa na bawa moja ikageuka, ikaenda ku ukuta wa choo, ikarudi, watu wakalala chini. Kisha kicheko. Kicheko ya watoto mia ine unaijua? Inaingia mu mifupa.

Rébecca ameokota mabawa. Chini yake kole ilikuwa imetoka nzima, kama ngozi ya maziwa juu ya sufuria. Akamuangalia Adeline.

"Baba yako alitupa kole gani?"

"Kole ya muzuri! Njo anauzishia mafundi wa viatu wote!"

"Basi angalia! Angalia yenyewe!"

"Wewe njo ulibandika!"

Wakatengana mbele ya watu. Rébecca amelia njia yote. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nawaka.

10

Nimeenda kwa Katsuva. Duka ilijaa, mafundi, wamama, mutu wa kuuzisha mbao. Sikungoja zamu. Nimetupa bawa juu ya meza yake.

"Katsuva! Hii ni kole ao ni uji? Unawapa watoto uji mu kopo ya kole, halafu mutoto wangu achekwe na shule nzima?"

Amechukua bawa, ameangalia, amenusa. Amekunja uso. "Mama Prudence, kole yangu haijawahi..."

"Uji! Ungeweka na sukari!"

Watu wamecheka. Fundi moja alikuwa na kopo mu mukono, ameirudisha juu ya meza. Nimetoka kichwa juu. Nilisikia vizuri kabisa mu moyo.

11

Nilisikia vizuri hata leo.

14

Mvua. Adeline hakuja.

17

Mu soko wanamuita Papa Uji. Nilipita kununua mboga ya lenga-lenga, nikasikia kijana anapiga kelele kwa mlango wa duka: "Papa Uji, nipe kopo moja, niko na njaa!" Na duka haikujaa.

Ku shule Adeline wanamuita Mutoto wa Uji. Ameambia Mwalimu Lucien anaacha fusée. Na njo yeye anajua pompe, njo yeye anajua maji kiasi gani. Rébecca peke yake anajaribu kusukuma, upepo unatoka pembeni.

Nimemwambia Rébecca, "Acha aende. Wenye haya wanakimbia."

Ameenda kukunja nguo. Amezikunja vizuri. Hiyo njo imenitisha.

20, siku ya Mungu

Wanasema risasi zimesikika ku njia ya Djugu. Watu wanafika na magodoro ku kichwa. Shule itafunga siku mbili. Siwezi kukaa. Nikikaa naamuka, nikiamuka sijui nilitaka nini. Nimefagia kiwanja mu mvua.

22

Shule imefungwa. Rébecca amelala muchana. Nimekaa na mabawa yenye yalidondoka mbele yangu. Nimeyaangalia sana. Nimekwangua rangi na ukucha: inatoka yote, nyepesi, kama ganda la kitunguu. Rangi haikuwa ya Katsuva. Rangi ilitoka Kampala pamoja na muti. Basi kwa nini rangi pia imekataa?

Nimenusa bawa.

Nimenusa tena.

Katsuva alinusa pia. Siku ile, alinusa.

Kuna kile kipande cha balsa kilibaki. Nimekikata mara mbili. Kimoja nimepaka mafuta ya Boga, kingine nimekiacha uchi. Nimechukua kole ileile, ilikuwa bado mu kopo, nikabandika vyote viwili ku chupa moja. Nimeficha chupa chini ya kitanda, mimi bibi mwenye wajukuu, kama mwizi wa kuku.

23

Chenye mafuta kimetoka na kidole kimoja.

Chenye uchi nimekivuta mupaka chupa ikakunjamana. Hakikutoka.

24

Mvua.

25

Mvua. Shule imefunguliwa.

26

Nimekasirika na Prudence. Nani alimwambia atume mafuta mingi vile?

27

Nimekasirika na Rébecca. Angeniambia kama kole na mafuta haviko marafiki. Mutu anakuambia "usiguse", hakuambii kwa nini.

28

Adeline alipita mbele ya nyumba. Amesema, "Shikamoo, Tate," bila kuinua macho. Ameinama kama amebeba ndoo. Mutoto ule aliwekaga bawa ku shavu.

Ningekuwa mama yake ningekuja kunipiga.

29

Leo Mama Pétronille amekusanya kaye. Nilifikiri kupasua kurasa. Kisha nikasema: kaye ya watu wazima haikosi kurasa. Nimempa. Mama Pétronille, ukifungua kinywa, nitajua ni weye.

2 mwezi wa kumi na moja, siku ya posho

Kaye imerudi. Amesahihisha herufi kumi na moja na wino nyekundu. Chini ameandika "Muzuri". Basi. Hakuna neno lingine. Ku kanisa amenisalimia kama siku zote, amenikamata mukono, ameuliza hali ya mugongo.

Huyu mwanamuke ananitesa.

4

Nimemwambia Rébecca. Alikuwa anakula. Nimesema yote bila kupumua: majani, mafuta, kitambaa, kile kipande chini ya kitanda. Nimemuletea na chupa aone.

Amegeuza chupa mu mikono. Kisha: "Tate, uliacha nikamutukana Adeline."

"Ndiyo."

"Na siku kumi na mbili ulijua."

"Usinihesabie siku, mimi najua kuhesabu."

Ameacha sahani, ameenda mbio kwa Adeline na mvua yote ile. Amerudi ameloa. Adeline alimusikiliza ku mulango, hakumukaribisha. Alisema: "Weye ulinisema mbele ya shule. Bibi yako alimusema baba mbele ya soko. Leo munakuja kusema pole mu mvua, kwenye hakuna mutu."

Iko na akili, huyu mutoto. Ni akili ya kuchoma.

9, siku ya posho

Nimeenda kwa Katsuva. Nilivaa kitenge ya kanisa, ileile ya siku ya fusée. Mbele ya mulango nilipita mara mbili kama mutu anatafuta namba ya nyumba.

Ndani kulikuwa yeye na fundi moja wa viatu, basi.

"Mama Prudence," akasema, "leo unataka uji wa muhogo ao wa mahindi?"

"Papa Katsuva, nimekuja kusema kitu."

Ameangalia duka. Ameinua mukono. "Ngoja kwanza. Siku ile watu walikuwa wangapi hapa?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Kumi na moja. Leo iko moja, na huyu ni muzito wa masikio. Kaa pale ku mufuko wa simenti. Wakijaa, utasema."

Nilitaka kuondoka. Miguu yangu ilikuwa imegeuka tayari. Mimi, mutu mukubwa, nikalishwe ku simenti kama mutoto ametoroka masomo! Lakini nikaona juu ya rafu kopo za kole, zimepangwa, vumbi juu yake. Zamani hazikuwa zinapata vumbi.

Nimekaa.

Nimekaa saa nzima. Aliuzisha misumari kwa mutu moja. Alifagia, akazunguka miguu yangu. Mugongo wangu ulilia. Kisha saa munane ikafika, na mvua, ile mvua yenye nimeitukana tangu mwezi wa tisa. Ikaanguka mara moja, kama mutu amemwaga pipa. Na soko nzima ikakimbilia chini ya bati. Wamama wa lenga-lenga wakaingia na mabeseni. Vijana wa pikipiki wakaingia. Mafundi, wateja, mutu na mbuzi wake. Walisimama mupaka ku mulango, bega kwa bega, wakinuka maji na samaki.

Katsuva akapiga meza na funguo. Akapaza sauti juu ya kelele ya bati: "Mama Prudence! Wamejaa!"

Nimesimama. Nimepangusa simenti ku kitenge. Nikasema:

"Munanijua. Nilikuja hapa nikasema kole ya Katsuva ni uji. Nilisema uongo. Sikujua ni uongo, kisha nikajua, na nikanyamaza. Kole ni muzuri. Mimi njo nilipaka muti mafuta ya ngombe, kama chombo ya maziwa, na kole ikakosa fasi ya kushika. Mwenye anamuita Papa Uji kuanzia leo, aniite mimi kwanza."

Mama moja wa lenga-lenga akauliza, taratibu kabisa, "Ulipaka fusée siagi?"

Hapo wamecheka mupaka mbuzi akalia. "Mama Mafuta! Ulitaka iende juu ao iingie mu mukate?" Kijana wa pikipiki alishika ukuta. Nilisimama tu. Nilisema acha wacheke, nimewakopesha kicheko hiki mimi mwenyewe. Nikaangalia Katsuva. Alikuwa anajaribu kukaza uso, mudomo ukamushinda.

Mvua ilipopungua na watu wakatoka, akaniuliza mabawa mapya watatoa wapi. Nikamwambia balsa imeisha, ilikunywa mafuta yote, na Vital hatarudi Kampala mwezi huu. Akaenda ku mulango wa nyuma, akachomoa kigogo cheupe chenye kilikuwa kinazuia mulango usipige. Kama mukono wangu kwa urefu, lakini nilipokipokea nilikaribia kukirusha, vile kilikuwa chepesi.

"Ya wavuvi wa Kasenyi," akasema. "Zamani walifunga hii ku nyavu zielee. Siku hizi wanatumia plastiki. Iko hapa miaka sita."

"Utafunga mulango na nini?"

"Na kopo ya kole. Ziko mingi, aksanti kwako."

Nikabeba kigogo, nikatoka kichwa chini. Mara ya kwanza mwaka huu.

10

Nimeimba kanisani mupaka Mama Pétronille akageuka kuniangalia.

12

Adeline amekuja. Ameketi mbali, kwa mulango. Amepasua kigogo na kisu cha baba yake, vipande vinne, vyepesi. Amenisukumia. Nimelainisha na majani ya musasa. Kisha nimenyanyua mikono yote miwili juu aone.

"Angalia. Mikavu."

"Geuza, Tate."

Nimegeuza. Amenusa vidole vyangu! Mutoto wa mutu amenusa vidole vyangu mu nyumba yangu. Kisha akasogea ku mukeka.

14

Rangi imekauka siku moja. Nyekundu mawili, njano mawili. Na mvua ilikuwa ileile.

16, siku ya posho

Wamebandika. Rébecca anapaka kole ku muti, Adeline ku chupa, wanangoja ikauke kidogo, wanagandamiza. Mimi niliambiwa nishike chupa isigeuke. Nilishika. Sikupumua. Waliniambia naweza kupumua.

20

Habari mbaya tena ku njia ya Djugu. Wanasema konkuru, yale mashindano, itaahirishwa. Wengine wanasema hapana. Nimefagia kiwanja mara tatu.

22

Hapana. Ni kesho.

23

Fusée kumi na ine. Ya kwetu ilikuwa ya tisa. Nilisimama karibu na Katsuva, alifunga duka asubui yote. Watoto wa shule walikuwa tayari kucheka, niliona midomo yao.

Adeline akasukuma. Rébecca akaangalia upepo, akangoja, akavuta.

Ilienda juu wima. Sitaandika zaidi, sina maneno ya kutosha mu hii kaye. Ilipita bati, ilipita ule mukaratusi wa kanisa, rangi mbili zikawa rangi moja, shingo yangu ikauma. Katsuva alinikamata mukono na hakujua amenikamata. Kisha ikarudi chini, ikapiga bati ya darasa la sita, ikadondoka.

Tulikimbia wote. Mimi nilifika wa tatu.

Bawa moja ya njano ilivunjika. Adeline aliiokota, akaigeuza, akanipa. Nimeangalia. Muti ulikuwa umevunjika katikati. Nusu nyingine ilikuwa bado ku chupa, imekamata. Nimeivuta na nguvu zangu zote. Nimeivuta na meno. Kole haikuachia.

Wametoka wa tatu. Vitabu makumi ine.

24, siku ya Mungu

Baada ya kanisa nimepita soko nzima na ile chupa. Ku kila meza ya lenga-lenga nimesimama. Ku pikipiki. Kwa mutu wa mbuzi. "Vuta," nawaambia. "Weye mwenye ulicheka, vuta." Wamevuta. Hakuna mwenye ameweza.

Katsuva amepiga musumari juu ya meza yake, akaifunga pale na kamba, kila mutu aione. Ameniuliza:

"Mama Mafuta, ile kopo ya Boga, ilibaki?"

"Nusu."

"Mama ya Adeline anaipenda na mboga ya sombe."

Kesho nitamupelekea yote. Nimemwambia ni ya kula, Katsuva. Ya kula tu.

Leo mvua haikukuja. Nimekaa ku kiti mupaka jua likazama.